Jalada la Kwaya ya Mama Selina

Hilary alikuwa na santuri mia tatu na ushee, na katika zote hizo hapakuwa na hata moja ambayo mtu mwingine wa Karatu angeomba kuisikia mara ya pili. Nusu yake ilikuwa muziki wa Kizungu aliouita mwenyewe roki ndefu, kwa sababu wimbo mmoja ulikula upande mzima: kinanda kikipanda na kushuka, ngoma zikibadili mwendo kila mtu anapoanza kuuzoea, na mwimbaji akijitokeza wakati msikilizaji ameshamaliza chai. Nusu nyingine ilikuwa panki, dakika mbilimbili za vijana wenye hasira na magitaa mabovu. Mkewe Lukresia alikuwa na hukumu yake kwa wote. "Wale hawajui kumaliza," alisema, "na hawa hawajui kuanza."

Ugonjwa huo, maana Lukresia aliuita ugonjwa, ulimpata Hilary ujanani, mwaka wa kwanza alipoajiriwa udereva wa kupeleka watalii kreta ya Ngorongoro. Shamba moja la kahawa juu ya mji lilifungwa, mama wa Kizungu mwenye mali akaenda zake kwao, na vitu vya nyumbani mwake wakagawana vibarua. Hilary alipita kambini kumsalimu rafiki yake Abraham, Mnyaturu wa Singida, akakuta mtungi wa maji umefunikwa kwa santuri, na nyingine zimening'inizwa bustanini kutishia ndege. Alizipata zote kwa sukari na sabuni. Akaziosha, akatafuta gramafoni mbovu Arusha, akaitengeneza, na jioni aliyoshusha sindano kwa mara ya kwanza, ule mkwaruzo wa kabla muziki haujaanza ulimsisimua mwili mzima. Tuseme haki: ilikuwa furaha ya kweli. Mtu aliyeshinda kwenye vumbi akiwaonyesha wageni faru aliye mbali kama kokoto anastahili kurudi nyumbani akute kitu chake mwenyewe.

Lakini kitu chenyewe kilikuwa na tumbo. Kilikula bakshishi za wageni. Kilikula mabati ya jiko, Lukresia akapika miaka mitatu chini ya turubai. Kilikula hata mtamba waliyepewa na baba mkwe, ndiyo kwanza anakaribia kuzaa. Hilary alimuuza mnadani apate kasha la santuri lililokuwa likiuzwa Nairobi, akamwambia mkewe kwamba ng'ombe yule alikuwa na dalili mbaya. Lukresia alinyamaza siku hiyo, kisha akaanza kumwita Mzee wa Masahani mbele za watu. Hilary alicheka pamoja nao. Alidhani hiyo ndiyo bei, na kwamba ameshailipa.

Kwenye rafu zile palikuwa na santuri moja isiyokuwa roki wala panki. Mama yake, Selina, aliwahi kuimba kwaya ya parokia, na zamani hizo kwaya ilisafiri kwa lori mpaka Nairobi kurekodi. Jalada lilikuwa na picha ya waimbaji kwenye ngazi za kanisa, Selina mstari wa mbele, kijana mwenye shingo ndefu, na mgongoni kwake kichwa cha mtoto kikichungulia. Miaka yote aliiweka sandukuni nyumbani kwake kule Rhotia, chini ya vitenge vyake vya kanisani. Hilary ndiye aliyemwomba.

"Mama, huko mende wataimaliza. Nipe nikutunzie."

"Utaitunza kweli?"

"Mama, mimi tena? Kwani kazi yangu ni nini?"

Selina alilifuta jalada kwa upindo wa khanga, akampa kwa mikono miwili.

Tangu hapo kila aliyefika kutazama santuri alionyeshwa jalada lile. "Huyu ni mama yangu," Hilary alisema, "na huyu mgongoni ni mimi." Siku moja Selina mwenyewe alikuwepo. Aliinama akaendelea kuchambua maharage, na mwanawe akadhani ameona haya.

Kisha akaja Mholanzi. Walikuwa wameandikiana muda mrefu kwenye ukumbi wa wakusanyaji mtandaoni, hata Mholanzi akapanga safari ya Ngorongoro ili Hilary ndiye amwendeshe. Alikuja na santuri moja kwenye mkoba, amwonyeshe tu rafiki yake: ya vijana wa panki wa Uingereza waliorekodi mara moja wakagombana, nakala zake chache kuliko simba wa kreta. Hilary alikuwa akiisaka kwa miaka. Aliishika kwa ncha za vidole, akalinusa jalada, akaipiga mara mbili mfululizo huku Lukresia ametoka nje kwa hasira.

Mholanzi naye aliikuta ya kwaya. Alipoisikia akasema sauti za namna ile hajawahi kuzisikia popote, na akauliza kama inaweza kubadilishwa na ile yake ya panki. Hilary alifikiri haraka, kama mtu anavyofikiri akiwa ameshaamua. Parokia lazima wanayo nyingine. Mama haiulizii tena. Na ni kwaya tu. Moyo ulimwambia asubiri kidogo, lakini mkono ulikuwa umeshanyooshwa.

Asubuhi yake walisimama kwenye geti la hifadhi la Lodoare, ukungu umeshuka mpaka kwenye vioo vya magari, wakisubiri vibali. Mholanzi alimsogelea, macho mekundu. Akasema santuri ile ya panki ilikuwa ya kaka yake, na kaka yake amefariki; jina lake ameliandika kwa kalamu pembeni mwa jalada. Hakulala. Anaomba warudishiane.

Hilary aliegemea boneti ya gari. "Rafiki yangu," alisema, "tukishabadilishana, tumemaliza. Ndiyo desturi yetu."

Mholanzi aliitikia kwa kichwa akapanda gari. Waliteremka kreta, wakaona simba, tembo, hata faru kwa karibu, na yeye akavitazama vyote kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi ya watu asiowajua. Hilary aliliona hilo. Jioni aliporudi nyumbani alishusha sindano kwenye ile panki na akajisahaulisha.

Mwaka huu Selina alipatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ulilala, na maneno yakamwishia kabisa, ya Kiswahili na ya Kiiraqw, ingawa akiambiwa jambo alilielewa. Hilary alimtoa Rhotia akamleta kwake Karatu, akamwekea kiti karibu na dirisha, mkabala na rafu. Nesi wa mazoezi aliwaambia wamsemeshe, wamwimbie, wampe vitu anavyovipenda.

Siku ya tatu Selina alinyoosha mkono wa kushoto kuelekea rafu. Kisha akachora hewani kwa kidole: akaenda kando, akashuka, akarudi, akapanda. Akamtazama mwanawe. Akachora tena.

"Anataka santuri yake," Lukresia alisema. "Si uliichukua wewe? Iko wapi?"

"Ipo. Nitaitafuta."

Alitoka nje akasimama nyuma ya jiko, na Lukresia akamfuata. Huko alisema kila kitu, maana uso wa mkewe haukuacha nafasi ya uongo mwingine. Alitegemea makelele. Afadhali angeyapata.

"Mtamba wa baba nilinyamaza," Lukresia alisema. "Nilijua hakuwa mgonjwa, nikanyamaza, kwa sababu alikuwa ng'ombe. Lakini hiki hakikuwa chako, Baba Sofia."

Hilary alikwenda parokiani. Katekista alimpeleka stoo, akamwonyesha pembe ambayo mchwa walikuwa wameshamaliza kazi yao zamani. Akazunguka kwa wanakwaya wa zamani waliobaki. Wengine walicheka kwa kukumbuka lile lori, lakini hakuna aliyekuwa na nakala. Kila siku aliporudi nyumbani mama yake alikuwa akimsubiri na kidole kile. Ikambidi amwandikie Mholanzi. Aliandika, akafuta, akaandika tena, akaona aibu inamtambaa mpaka masikioni, akatuma.

Jibu lilikuja siku ileile. Mholanzi alimpa pole ya mama. Alisema santuri ilishatoka mikononi mwake. Alibadilishana na mtu wa Japani ambaye sasa hapatikani. Ila kabla ya kuitoa alirekodi nyimbo zote, na ndizo hizo anamtumia. Katika jibu lake asubuhi ile ya getini hakuitaja hata kwa neno moja, na Hilary alitamani angeitaja.

Hata hivyo alishusha pumzi. Sauti ipo! Muziki si ndio wenyewe? Alikimbilia sebuleni, akapiga magoti mbele ya kiti, akaiweka simu mkononi mwa mama yake. Kwaya ikaanza, na katikati yake ikapanda sauti ya msichana, safi, bila woga. Lukresia alijifuta machozi mlangoni. Selina alisikiliza kidogo, akaigeuza simu, akatazama nyuma yake. Akaigeuza tena. Akairudisha kwa mwanawe kwa adabu, kama mtu aliyeletewa chai asiyoiagiza. Kidole kikachora hewani.

Hilary akachanganyikiwa. Aliongeza sauti, akarudia wimbo, akaleta spika. Mama yake alifumba macho.

Jumapili baada ya misa alikuja kumwona mgonjwa bibi Angelina, aliyesimama pembeni ya Selina kwenye kwaya na kwenye ile picha. Hilary alimpigia wimbo, naye bibi akauimba wote, akipiga kofi kwenye goti. Ulipokwisha alimwona Selina akigeuza simu, na kile kidole.

"Hatafuti wimbo huyu," Angelina alisema. "Wimbo anao kichwani. Hebu tazama anavyochora. Santuri ina pembe?"

Hilary alitazama. Kando, chini, kando, juu. Miaka yote ameshika santuri, na hakuliona.

"Anataka jalada," Angelina akasema. "Anamtafuta Piusi."

"Piusi ni nani, bibi?"

Angelina alimtazama Selina kwanza, kama anayeomba ruhusa. Selina aliitikia kwa kichwa.

"Yule mtoto mgongoni. Kaka yako. Surua ilimchukua kabla santuri hazijaletwa kutoka Nairobi."

"Lakini bibi, yule ni mimi."

"Wewe? Tulirekodi mwaka wa sabini na tatu. Wewe umezaliwa lini, mwanangu?"

Sabini na saba. Yeye ambaye kwa kusoma namba zilizochongwa karibu na kitundu cha katikati angeweza kukuambia santuri fulani ilichapwa London lini na kiwandani gani, hakuwahi kusoma mwaka uliokuwa nyuma ya jalada la mama yake.

"Enzi zile mwanamke aliyefiwa na mtoto alikaa peke yake," Angelina alisema. "Haingii nyumba za watu, hapiti njia ya wote, mpaka siku zake zitimie. Na akirudi, mtoto hatajwi. Hata sisi rafiki zake hatukumtaja. Picha nyingine hakuna, Hilary. Nani alikuwa na kamera? Alikuwa na ile tu."

Akamkumbuka mama yake ameinama juu ya maharage, na yeye mwenyewe akiwaambia wageni kwa majivuno, huyu ni mimi. Alijichukia kwa namna ambayo hajawahi kujichukia, si kwa mtamba, si kwa Mholanzi.

Angelina alipoondoka, Hilary alipiga magoti tena. "Aayo," alisema, kama alivyomwita utotoni kabla ya shule. "Haipo. Niliitoa kwa mgeni. Sikujua ni Piusi. Nisamehe."

Selina alimwekea kiganja cha kushoto kichwani. Huenda ilikuwa msamaha. Huenda alihitaji pa kuegemea. Kisha alinyoosha mkono kuelekea rafu.

"Haimo humo, aayo. Nimekwambia."

Mkono haukushuka.

Basi akazileta. Alizipanga sakafuni mafungu mafungu, na moja baada ya nyingine akamwekea mapajani. Selina aliyatazama majalada kwa utaratibu, mbele na nyuma: miezi miwili juu ya jangwa, majumba yanayoelea, wanaume wenye nywele mpaka kiunoni, vijana waliotoboa mashavu kwa pini. Mbele ya kila uso alisimama kidogo, akalilaza jalada, akapokea jingine. Ilipofika ile yenye jina la kaka wa Mholanzi kwa kalamu pembeni, mama yake alipokwisha kuitazama Hilary aliiweka kando mezani. Kesho angeifunga na kuirudisha kwa mwenyewe bila kuomba kitu. Mama yake hakutambua tofauti. Kwake ilikuwa nyingine tu isiyokuwa na mtoto.

Lukresia aliwasha taa, akaja kukaa nao sakafuni, akawa anampa mumewe na mumewe anampa mama. Hakumwita Mzee wa Masahani. Hilary alijikuta akitazama nyuso zile kwa bidii kama mama yake, akitumaini kijinga kwamba labda.

Wakaifikia ya mwisho. Selina aliitazama mbele, akaigeuza, akatazama nyuma, akaiweka juu ya nyingine. Alipumzika kidogo, mkono wake mzima ukapapasa mgongo, pale khanga ya kumbebea mtoto inapokaa. Kisha akalivuta kwake lile fungu la kwanza, akaanza tena.