Mkono wa Kushoto wa Suti ya Cédric

Suti ilikuwa inaingiza maji mkono wa kushoto, na Octave hakuona tundu.

Alilitafuta siku tatu dukani kwake, mtaa wa Malvern. Miaka kumi na tisa alikuwa ameshona sare za walinzi na magauni ya harusi pale Jules Street, lakini hii ilikuwa suti kavu ya mpiga mbizi, yenye mpira mwembamba unaobana shingo na vifundo vya mikono ili maji yasipite. Aliijaza hewa, akapaka sabuni kila mshono. Hakuna povu lililovimba.

Suti ilikuwa ya Cédric. Alizama Juni ndani ya pango lenye maji, magharibi ya jiji, akiwa amevaa mpya. Hii ya zamani ilibaki kabatini. Mwili ulionekana umenasa juu ya ukingo wa mwamba, mita thelathini chini, na waliokwenda kuutoa walirudi mikono mitupu. Sasa rafiki yake Bakiri alitaka kwenda. Bakiri alikulia Kigoma, akizamia samaki wa mapambo kwa kaptula tu. Mapango alijifunzia huku ugenini, pamoja na Cédric, miezi ya joto tu.

Muuza vifaa vya kupiga mbizi wa Kensington hakumficha Bakiri kitu. "Maji yale hayajawahi kuona jua. Yatakunyang'anya vidole kwanza, halafu akili." Akamchagulia kifaa cha kupumulia kisichoganda, taa tatu na nguo nene za kuvaa ndani. Bakiri alichukua vyote. Suti alikataa.

"Ninayo."

Alipewa na Jeannine, mama wa Cédric, siku ya kugawa nguo za marehemu. Kwao nguo hiyo haikataliwi. Siku hiyo hiyo mama aliwafunga marafiki wa mwanawe kitambaa cheusi kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, naye akajifunga chake. Visifunguliwe hadi mwili uzikwe.

Waliijaribu tena suti kwenye kisima cha ubatizo cha kanisa lao La Rochelle, wakamwaga humo magunia mawili ya barafu.

"Mchungaji akikukuta, utabatizwa mara ya pili," alisema Octave.

"Kwa dhambi zako, fundi, anibatize na ya tatu."

Bakiri alikaa chini ya maji nusu saa. Alipotoka, Octave aliinua mkono wa suti na maji yakamwagika sakafuni. Wa kulia ulikuwa mkavu.

"Cédric alitumia mkono wa kushoto," Bakiri alisema taratibu.

"Nyamaza. Nenda Kensington ukakodi nyingine."

"Nimwambie nini mama yake? Kwamba naogopa nguo?"

Jeannine alikuwa amekaa kwenye benchi la mbele. "Nguo ya mtoto wangu haiwezi kukudhuru," alisema. "Anakushika mkono tu. Anataka kurudi nyumbani."

Octave alibandika mpira mpya. Jioni, Bakiri akiwa kwenye kazi yake ya ulinzi, aliuvaa mkono ule mwenyewe na kuuzamisha ndani ya pipa. Ulitoka mkavu kama unga. Akampigia simu. "Sharp, mambo safi. Imepona."

Jumamosi asubuhi Bakiri aliingia pangoni. Wapiga mbizi wenzake wawili walimngoja kwenye kina kifupi. Juu, maji yalikuwa meusi na hayakutikisika. Jeannine alipiga magoti ukingoni, akatumbukiza vidole, akamwita mwanawe kwa jina lake la nyumbani. Ncha ya kitambaa chake ikagusa maji.

Octave aliona mkono wa sweta ya mama ukilowa. Vidole na ncha hiyo tu ndivyo vilivyokuwa majini, lakini unyevu ulipanda kitambaa, ukapita chini ya lastiki iliyobana, ukaendelea kuelekea kiwiko.

Hapo alielewa. Suti haikuwa na tundu. Mpira ulikalia kitambaa cha Bakiri, na kitambaa kilinywa maji na kuyapitisha ndani. Kwenye pipa mkono wa Octave ulikuwa mtupu.

Alisimama. Lakini aliye chini ya mwamba haitwi akasikia.

Wenzake walimtoa Bakiri baada ya dakika hamsini, midomo ya kijivu, mkono wa kushoto umejaa maji hadi begani.

"Nilimfikia," alisema. "Nikamvuta pale aliponasa, nikamzungushia kamba. Vidole vikakataa kufunga fundo. Akaniteleza. Ameenda kule taa haifiki."

"Ni kitambaa," alisema Octave. "Maji yalipanda nacho. Mimi fundi, nilipaswa kuona."

Bakiri alitikisa kichwa. "Hapana, fundi. Kuna aliyenishika. Hapa." Akaonyesha chini ya kitambaa.

Jeannine aliweka kiganja chake pale pale.

Octave alikikata kitambaa kwa mkasi wake wa kazi, na mama hakumzuia.

Walipoteza taa moja na kamba ya mita arobaini. Bakiri alipoteza vidole viwili. Vipo, lakini hadi leo Octave akivichoma sindano havishtuki. Na walimpoteza Cédric mara ya pili. Mara ya kwanza walijua alipo.