Mama Mizani na Darubini Nzito

Mzazi mwenzangu, kabla hujafungua kibindo kumnunulia mtoto chombo cha kazi, sikiliza kwanza yaliyompata Mama Mizani.

Jina hilo walimpa mawifi zake, maana alikuwa hanunui kitu mpaka akipime kwa kiganja. Sufuria, pasi, kitasa cha mlango, vyote alivipakata kama kichanga, akafumba macho, akatoa hukumu: "Chepesi. Rudisha." Na kweli, kwake sufuria zilizeeka bila kutoboka.

Basi binti yake wa pili akapata kazi ya kulinda msitu. Angeshinda juu ya mnara akitafuta moshi, na darubini, ile ya macho mawili, alitakiwa aende na yake. Roho ya mama ikawa juu juu. Moshi ukichelewa kuonekana, moto haumngoji mtu ashuke ngazi.

Dukani, muuzaji alimtazama mama mara moja tu, akamwekea mezani darubini nyeusi yenye mistari ya dhahabu, lenzi nyekundu kama macho ya njiwa, na tarakimu kubwa ubavuni.

"Hii inavuta mpaka ng'ambo ya mlima, mama yangu."

Mama akaipakata. Nzito! "Hiki ndicho chuma," akasema. "Tunachukua hii."

Binti alikuwa ameshika nyingine, ya kijani, ya bei ya katikati, haina hata pambo. Aliikunja na kuikunjua polepole, kujua kama bawaba imelegea. Akaitikisa sikioni. Akaigeuza, akachungulia kwenye mwanga kupitia upande wa lenzi kubwa, akitafuta vumbi lililonasa ndani na gundi iliyochuruzika. Akaikwaruza raba yake ya nje kwa ukucha, haikubanduka.

"Unainunua au unaichumbia?" mama akamtania. "Hiyo itapeperushwa na upepo huko juu."

"Sawa, mama. Ila nisaidie kidogo. Kaa hapo mlangoni na hiyo yako, usome lile bango la ng'ambo ya barabara. Usiishushe mpaka nikwambie. Mimi huko nitashinda nayo machoni."

Mama akakaa kwenye kigoda kwa madaha, akasoma kwa sauti, mtaa mzima ujue kwamba na yeye shule alipita: "Fundi... viatu."

"Nahodha, unaona nini?" mchuuzi mmoja akamchokoza.

"Nakuona wewe na soksi zako zisizofanana!"

Watu wakacheka. Lakini utamu wa darubini mbovu ni wa mwanzo tu, mzazi, hapo ndipo tunapoliwa. Kitambo kidogo, fundi akawa mafundi wawili. Herufi zikapandana. Jicho la kulia likavutwa huku, la kushoto kule, machozi yakamlenga, kisogo kikaanza kugonga.

Aseme? Muuzaji anamtazama, mchuuzi anamtazama, na mkono wake haujawahi kuumbuka mbele za watu. Akaikaza machoni. Mara akilini akamwona mwanawe juu ya mnara, anafikicha macho, na moshi unapanda mgongoni kwake.

Akaishusha. "Mwanangu, kichwa kinanipasuka. Hii takataka."

"Ni macho tu, mama, umri huo," muuzaji akadakia.

"Umri wa nani? Mirija yenyewe imepeana mgongo kama wake wenza! Na huu uzito, mmetia mawe? Kizuri chajiuza, baba. Hiki mbona unakitembeza?"

Binti hakucheka. Alimpa tu ile ya kijani. Mama akasoma bango, akashuka hadi maandishi madogo ya chini, akaendelea kutazama bila haja. Macho yalitulia kama maji mtungini.

"Ulijua tangu mwanzo?" akamuuliza kwa sauti ya chini.

"Nilijua, mama."

"Mbona hukusema?"

"Nikubishie mbele za watu? Na wewe ungenisikia?"

Mama akaguna, maana asingesikia kweli. Kifua kikamjaa. Akili hiyo mtoto kaitoa kwenye mafunzo ya kazi. Lakini adabu hiyo imetoka nyumbani kwake mwenyewe. Akamgeukia muuzaji, shingo imenyooka.

"Umemwona huyu? Mlinzi wa msitu. Nimemzaa mimi, kwa tumbo hili." Kisha akamsukuma binti mlangoni. "Haya, kuchagua umemaliza. Kupatana bei niachie mimi. Wewe kasimame nje, usije ukamwonea huruma."