Pumzi ya Mbweha

Watu wa hapa wanajua kwamba mimi, Reino Salmela, nikisema nimeona dubu wanne, wao wahesabu wawili. Nimewahi kuwaapia kwamba kulungu dume alininyang'anya kofia kwa pembe mwezi wa kumi, akairudisha mwezi wa nne ikiwa imefuliwa. Walicheka, wakajiongezea kahawa. Lakini la mbweha walilisadiki miaka tisa, na kibaya zaidi, nililisadiki na mimi.

Nilipostaafu kupeleka barua, nilinunua kamera nikajifundisha kutengeneza filamu fupi za wanyama wa huku kaskazini mwa Minnesota: dakika saba, dakika nane, za kuonyeshwa maktaba na kwenye ukumbi wa chini ya kanisa. Mimi ndiye niliyekuwa kampuni nzima, isipokuwa mke wangu Elma. Alibeba chupa ya kahawa na mkate wake wa iliki, akaketi nami kwenye theluji saa nne, saa tano. Na alikuwa haishi kusema.

"Reino, vidole bado unavyo?"

"Nyamaza, mama. Yule pale."

"Yule ni kisiki, baba Karin. Umekipiga picha nusu saa nzima. Kimependeza lakini."

Nyumbani, kazi yangu ya kwanza kwenye kompyuta ilikuwa kumtoa Elma kwenye sauti. Neno kwa neno, kikohozi kwa kikohozi, kama mtu anayechambua miiba ya samaki kabla ya kumpa mtoto. Kisha, ili nipate nafasi ya kazi mpya, nilifuta rekodi zote za mwanzo. Nilijisifu kwa hilo mbele za watu: filamu kumi na nne, na ndani yake hamna binadamu hata mmoja.

Elma alifariki Januari, mikono ikiwa bado na unga wa mkate. Ardhi ya huku wakati ule haichimbiki. Maiti husubiri mpaka Mei, na waliobaki husubiri naye. Mwezi wa nne binti yetu Karin alikuja kutoka Duluth, ana mimba ya miezi sita, akaketi kwenye kiti cha mama yake bila kuvua koti.

"Baba, siku ya mazishi nataka tuisikie sauti ya mama. Sentensi moja tu. Huyu aliye tumboni hatamsikia bibi yake kwa njia nyingine."

Nikasema hilo jambo dogo. Nilitafuta siku sita. Nilipata upepo. Nilipata barafu ya ziwa ikipasuka, na kunguru wa kutosha kujaza kanisa. Elma hakupenda simu. Ujumbe wake wote aliuandika kwenye vikaratasi vya mlango wa friji. Nikakumbuka mkanda wa harusi ya Karin niliourekodi mwenyewe, nikauweka kwa pupa. Kumbe siku ile kulikuwa na kigogota kwenye msonobari nyuma ya kanisa. Dakika arobaini za kigogota.

"Yaani miaka kumi na mitano," Karin akasema, "umekaa naye porini, kinasa sauti kinawaka, na hamna hata 'jamani'?"

"Nilisafisha."

"Ulisafisha."

Akaenda kwenye sinki, akaanza kuosha vikombe ambavyo havikuwa vichafu. Kesho yake aliondoka mapema. Mkate niliomfungia aliuacha mezani.

Mchana ule niliweka filamu ya mbweha, ili tu nyumbani pawe na kitu kinachotembea. Hapo lazima niseme siri ambayo wenzangu wa kazi hii hawaisemi. Lenzi inamfikia mbweha aliye mita mia mbili, maikrofoni haimfikii. Kwa hiyo zile nyayo unazozisikia zikikanyaga theluji, kwru, kwru, ni Elma yuko jikoni, anaminya soksi iliyojaa unga laini wa mahindi, macho kwenye kioo cha kompyuta ili aende sawa na miguu ya mnyama. Soksi bado ipo kwenye droo ya vijiko.

Mbweha anatembea, anasimama. Ameinamisha sikio, anamsikiliza panya chini ya theluji. Kimya. Halafu inasikika pumzi ikivutwa, fupi, ikabanwa. Mbweha anaruka juu, anazama kichwa mbele, mkia umebaki nje. Ndipo pumzi inatoka, na mwishoni mwake kitu kama mwanzo wa kicheko.

Miaka tisa nilitamba kwamba nimenasa pumzi ya mbweha mwitu kutoka mita mia mbili. Mtaalamu mmoja wa wanyama alinipa mkono wa pongezi kwa hilo. Wakati wa kuhariri niliisikia, nikaona inamfaa mbweha, nikaiacha, wala sikujiuliza imetoka wapi. Sasa niliketi na ile soksi mapajani. Elma alikuwa ameutazama mruko ule mara thelathini. Na bado alibana pumzi.

Baada ya kumzika tulishuka ukumbini kunywa kahawa. Niliposimama, jirani yangu Toivo Ranta akaanza, "Haya, bwana Reino, leo dubu wangapi?"

"Leo hamna dubu, Toivo."

Nikawaambia yote: soksi, unga, pumzi, na jinsi nilivyoifuta sauti ya Elma.

"Kumbe miaka tisa nimekuwa nikisifia mapafu ya mbweha!" Toivo akasema. Mmoja wawili wakacheka, wakaacha. Toivo akavua kofia.

Nikaiweka filamu ya mbweha. Karin alisogea mpaka kwenye spika, mkono tumboni. Kwru, kwru. Kimya. Pumzi. Mkia.

"Nilitaka aseme kitu, baba."

"Najua."

"Hata jina langu tu."

"Najua, mwanangu."

Aliutazama ule mkia uliosimama kwenye theluji, muda mrefu.

"Rudisha nyuma."

"Mpaka wapi?"

"Kabla hajaruka."

Nikarudisha, na tena nikarudisha. Mara ya tatu ndipo nilipoona kwamba ukumbi mzima umebana pumzi, hata Toivo. Mbweha akaruka. Elma akapumua. Sisi tulichelewa kidogo.