Herufi Nene za Baba

"Hiki nilikichora lini?" Baba aliniuliza mbele ya duka la dawa, akikionyesha kibao kilichokuwa juu ya mlango. Herufi zake zilikuwa nene, ndefu, zimebanana kama watu kwenye benchi fupi. Nilijitia hamnazo, nikamwambia tutachelewa kwa daktari wa macho.

Baba alichora vibao kwa miaka arobaini, mpaka mikono ilipoanza kumtetemeka. Wateja walimletea mbao fupi na majina marefu, tena walitaka yasomeke kutoka ng'ambo ya barabara. Basi akazibana herufi mbavu, akazirefusha, akazipaka rangi nzito, na tundu la O akaliacha jembamba kiasi cha kupitisha sarafu tu. M ndiyo iliyomtoa jasho, na aliitukana waziwazi.

Mimi nasanifu herufi kwa kompyuta. Miaka miwili iliyopita nilivipiga picha vibao vyake, nikazinyoosha herufi zile moja moja, nikaziuza kwa kampuni, zikawa fonti, mtindo wa herufi ambao mtu yeyote anaweza kuuandikia kwa kompyuta. Sikumwomba ruhusa. Nilikuwa nangoja siku nzuri ya kumwambia, na siku nzuri zikawa zinanipita.

Kwenye kituo cha basi alisimama tena, safari hii mbele ya tangazo la dawa ya meno. Hospitalini alisoma MAABARA juu ya mlango, akavua miwani, akaifuta, akasoma upya. Nilidhani amechoka.

Daktari alipomwuliza anasumbuliwa na nini, Baba alisema macho hayana neno, kichwa ndicho kimeharibika. Mji mzima umejaa kazi ya mkono wake, naye hakumbuki hata moja. Aliyasema hayo taratibu, ameinamisha uso kwa aibu. Daktari akaanza kumwandikia barua ya kwenda kupimwa kichwa.

Hapo ikabidi niseme. "Baba, huumwi. Herufi zako nilizichukua mimi. Siku hizi zinaandikwa na kompyuta."

"Bila kuniambia, mwanangu?"

"Bila kukuambia."

Sikuweza kujua kama amekasirika au ameshusha pumzi. Nafikiri hata yeye hakujua. Aliichukua kofia yake, akamshukuru daktari, akatoka mbele yangu.

Tulirudi kwa miguu. Kila baada ya hatua chache alinyoosha kidole. "Na hiki?" Nikamjibu ni cha kompyuta. "Na kile?" Cha kompyuta pia. Nilijihisi kama namnyang'anya kitu kila nilipofungua mdomo.

Mbele ya duka la fundi cherehani alisimama kabisa. Kibao kilikuwa juu sana, kimepauka kwa jua, kimejaa vumbi. Nilitafuta alama za brashi, sikuziona. Nikaitazama M, nikaitazama O, herufi ninazozijua kuliko uso wangu mwenyewe, na sikujua kama ni za mkono wake au za kompyuta. Nikamgeukia Baba nimwulize. Naye alikuwa ananitazama mimi, akingoja jibu.