Kiti cha Mlangoni

Upolisi alishauacha, siku hizi kazi yake ni kusimama na waliopigwa hadi kesi ziishe, lakini watu bado humwita Afande. Asubuhi nzima alimbembeleza mama aliyevunjwa mkono na mumewe aeleze yaliyompata, maana bila maelezo yake shetani yule angeachiwa jioni hiyo hiyo. Mama macho mlangoni tu. Ndipo Afande akashtuka: kiti chake kilikuwa kimeziba mlango, kama enzi zile za kuhoji wezi. Pumbavu! alijitukana, akakisogeza. Mama akachomoka mbio.

"Simama hapo!" Sauti ya kituoni ilimtoka kabla hajaizuia.

Mama akaganda koridoni, akajikinga uso kwa mkono uliobaki mzima.

"Nisamehe, baba watoto," alisema. "Sitarudia."