Hukumu Isiyorudi Nyuma

Kelly alikuwa mwaka wa tatu wa sheria chuoni Stockholm habari zilipofika kwamba mjomba wake, Ludovic, amekamatwa Texas. Mama yake, Prudence, alirudi kutoka kazini kwenye makazi ya wazee, akaketi kitandani kwa binti yake bila kuvua koti.

"Wanasema watamrudisha Burundi," alisema. "Kumrudisha! Mtu aliyezaliwa kambini Tanzania, Burundi hajaikanyaga hata siku moja."

Kosa lenyewe lilikuwa la mwaka 2009. Ludovic, mgeni Marekani, alimpa lifti mwenzake wa kazini, na polisi wakakuta bangi tele kwenye begi la yule mwenzake. Wakili aliyepewa na mahakama alimwambia akiri tu, jioni atalala kwake. Akakiri, akalala kwake. Hakuna aliyemweleza kwamba asiye raia akikiri kosa kama lile anaweza kufukuzwa nchini.

Kelly alikumbuka jambo. Muhula uliopita walisoma hukumu kubwa za Marekani, na mojawapo ilikuwa ya Padilla, dereva wa lori mzaliwa wa Honduras, aliyekiri kosa la bangi baada ya wakili wake kumtoa wasiwasi kuhusu kufukuzwa. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ilisema katiba inampa mshtakiwa haki ya kuwa na wakili anayetimiza kazi yake, na kumtahadharisha mgeni kuhusu kufukuzwa ni sehemu ya kazi hiyo.

"Mama, hii ni kesi ya mjomba kabisa!"

"Una hakika, mwanangu?"

"Ja, mamma," Kelly alijibu kwa Kiswidi: ndiyo, mama.

Kaka yake alipopiga simu jioni ile kutoka kizuizini, Prudence alimpa habari hiyo. Jumapili akasimama kanisani kutoa ushuhuda, watu wakapiga makofi, na Pélagie wa kwaya akalia kwa furaha.

Jumatatu, ndani ya treni ya Akalla, Kelly alikuwa akisoma kwenye simu ili amwandikie wakili mpya wa mjomba. Ndipo akakutana na hukumu nyingine, ya mwaka 2013, ya mwanamke aitwaye Chaidez. Mahakama ileile ilisema kanuni ya Padilla hairudi nyuma: ambaye kesi yake ilikwisha kabla ya hukumu ile ya 2010, haimsaidii. Aliisoma tena na tena. Treni ilisimama Husby, kwao, naye hakushuka.

Ludovic alipopiga tena, Kelly alimwambia mwenyewe. Mama yake alisimama mlangoni, kitambaa cha vyombo mkononi.

"Kwa hiyo wanakubali kwamba wakili kama yule alikosea?" aliuliza Ludovic.

"Wanakubali, mjomba."

"Sasa?"

"Wewe ulikosewa mapema mno."

Ludovic alicheka kidogo. "Haya. Usome kwa bidii, mwanangu."

Rufaa ilitupwa. Prudence aliacha kwenda kanisani, kwa sababu kila mtu alimuuliza. Kwa binti yake hakusema neno baya. Alipunguza tu kuongea.

Siku moja Ludovic alipiga kutoka Bujumbura, kwa simu ya mlinzi wa gesti. Alitaka kujua kama wana ndugu yeyote huko. Prudence alitaja majina mawili, akaeleza mitaa yao, halafu akakumbuka kwamba wote wawili walishakufa.