Programu Inayosema Sijui

Mkwe wangu, mke wa kijana wangu, hajui kupika maharage, na hilo nitalisema mpaka kaburini. Yanaungua yeye akitazama kompyuta. Lakini kwa kazi yake ya kutengeneza programu, nimenyoosha mikono.

Mimi natotolesha vifaranga. Chumba cha uani kina mashine ya kutotoleshea, na mayai yanataka joto lilelile usiku na mchana. Awamu ya kwanza iliharibika nilipokwenda msibani: joto lilishuka, hakuna aliyejua. Mume wangu akasema ikiharibika na ya pili, mashine inauzwa, chumba kinarudi kuwa stoo. Nikaapa sitoki tena. Kisha binti yangu, anayeishi mji mwingine, akakaribia kujifungua uzazi wake wa kwanza, akasema ananitaka pale. Nikabaki njia panda.

Mkwe ndiye aliyenitoa. Alifunga kipimajoto ndani ya mashine, akakiunganisha na kompyuta ndogo inayoenea kiganjani, kisha akaanza kutengeneza programu ya simu yangu. Nilimuuliza simu itapitaje, maana mtandao wa nyumbani aliufunga mwenyewe, wa nje haingii. Akasema haitaingia. Kuna huduma mawinguni, kompyuta kubwa za watu huko mbali, inayofanya kazi ya mshenga. Kompyuta yetu inapiga hodi kwa mshenga, simu yangu nayo inapiga hodi kwake na ufunguo wa siri, naye anabeba maneno. Mume wangu akauliza mshenga huyo tutamlisha nini.

Nilimwona mkwe anavyohangaika. Mara ufunguo unakataliwa, mara simu inangoja jibu mpaka inaganda. Kila kikikwama anabomoa, anaanza upya. Hakulipua kazi hata kidogo.

Siku ya majaribio nikaenda sokoni. Simu ikasoma thelathini na saba na nusu, nikawaonyesha hata wasioniuliza. Nilipotazama tena, namba imetoweka, limebaki neno moja kubwa: SIJUI. Kumbe mkwe alikuwa amechomoa waya wa kompyuta ile ndogo makusudi. Nilirudi nimefura. Programu gani hiyo ya kusema haijui? Si ibakize namba ya mwisho, mtu apate kutulia? Nikamwamuru aliondoe neno lile.

"Mama, rangi nitabadilisha, herufi nitapunguza," alisema taratibu, macho chini. "Lakini hilo siondoi. Mshenga akikuta kimya, asikuletee maneno ya jana. Utalala usingizi mayai yanakufa."

Nilimnunia, na nikasafiri nikiwa bado nimenuna.

Binti aliingizwa chumba cha kujifungulia asubuhi. Mimi nilikuwa kwenye benchi nje, jicho moja mlangoni, jingine kwenye simu. Joto lilikuwa zuri. Ghafla: SIJUI. Nikampigia mume wangu, aliyebaki nyumbani. Akasema umeme upo, taa ya sebuleni inawaka, redio inaimba, nitulie. Nikamwambia aende chumba cha uani akaone kwa macho yake. Nikasikia mlango wa uani ukilia, kisha sauti yake ikarudi imenywea.

"Mke wangu, ni mimi. Nilichomoa mashine na kompyuta yake nipige pasi. Shati la kuja kumwona mjukuu."

Akachomeka. Neno likaondoka, namba ikarudi, imeshuka kidogo tu, nikaiona ikianza kupanda. Ingekuwa imebaki ile ya mwisho niliyoitaka, ningetulia tuli, na bwana angeendelea na pasi mpaka suruali.

Nesi akatoka. Nikamuuliza mwanangu anaendeleaje.

"Sijui bado, mama," alisema. "Nikijua nitakuja mwenyewe."

Siku nyingine ningemrukia. Siku ile nilimwamini, nikakaa. Akaja kweli, anatabasamu: mtoto wa kike, mama yake mzima.

Niliyempigia wa kwanza hakuwa mume wangu. Nilimpigia mkwe, nikamweleza yote, pasi na shati na mjukuu, kisha nikamwambia jambo ambalo sikuwahi kumwambia: kwamba kijana wangu alioa mtu, na kwamba namjivunia. Nikasikia anavuta makamasi.

"Mama, samahani, subiri kidogo," akasema. "Maharage yanaungua."

Nikamwambia ayaache yaungue.